Mwongozo kamili: kuandika modeli mseto kwa data za majaribio ya shambani ambako ploti jirani hufanana

Kosa ni lile lile kila mara. Mtu ana data za jaribio la shambani, anajua kwamba ploti zilizo karibu hufanana kuliko zilizo mbali, anaongeza amri moja ya uhusiano wa kimahali kwenye modeli yake mseto (yenye athari thabiti na athari nasibu kwa pamoja), na mambo yanaharibika kwa njia moja kati ya tatu. Programu inakataa kabisa. Au inatoa majibu yasiyoingia akilini, kama masafa (kipimo cha umbali ambao ufanano huenea) ya mita 600 kwenye shamba lenye urefu wa mita 48. Au inakubali kimya kimya huku ikikokotoa kitu tofauti na alichokusudia. Hili la tatu ndilo la hatari zaidi, kwa sababu matokeo yanaonekana safi.

Mara nyingi chanzo ni kwamba modeli imeandikwa kuanzia mwisho. Uhusiano wa ploti jirani unapaswa kuja baada ya mambo mengine kupewa nafasi zao. Utaratibu unaofanya kazi ni huu: muundo wa jaribio kwanza, mwelekeo mpana wa shamba pamoja na alama za kazi za shambani pili, ujirani wa karibu tatu, kisha kelele ya ploti moja moja. Kila chanzo cha tofauti kiwe na sehemu yake moja ndani ya fomula. Ukikipa sehemu mbili, sehemu hizo zitagombania data ile ile na hakuna itakayokadiriwa vizuri.

## Unachohitaji kabla ya kuanza

Faili yenye mstari mmoja kwa kila ploti. Iwe na: namba ya ploti, mstari (mlalo), safu (wima), bloku (kundi la ploti zilizo pamoja), aina ya mbegu, na mavuno. Mstari na safu ziandikwe kwa namba kamili kuanzia 1.

Ramani ya jaribio jinsi lilivyopandwa. Ramani ya mpango peke yake haitoshi. Ploti mbili zikibadilishana nafasi siku ya kupanda, ramani ya mpango itakudanganya.

Umbali kati ya vitovu vya ploti, kwa mita. Pima kitovu hadi kitovu, ukihesabu na njia za kupita. Kama una vipimo vya GPS kwa digrii za latitudo na longitudo, vigeuze kuwa mita (mfumo wa UTM unafaa). Digrii moja ya longitudo haina urefu sawa na digrii moja ya latitudo isipokuwa karibu na ikweta, na modeli haitajua hilo.

Daftari la shamba. Nani alivuna upande upi, mashine ilipita wapi, maji yalituama wapi. Utalihitaji katika hatua ya 4.

Programu ya R pamoja na vifurushi `nlme`, `glmmTMB`, `emmeans` na `ggplot2`. `SpATS` ni ya hiari. ASReml-R ina nguvu kubwa kwa kazi hii lakini hutumia leseni ya kulipia. Usianze na `lmer` ya kifurushi cha `lme4`: inafaa sana kwa athari nasibu za kawaida (tofauti zinazochukuliwa kama sampuli ya kubahatika), ila haina nafasi ya kuandika uhusiano kati ya mabaki ya ploti (kinachosalia baada ya modeli kueleza inachoweza).

Ploti za kutosha. Chini ya ploti 40 hivi, au shamba lenye mistari au safu 3 au 4 tu upande mmoja, vigezo vya kimahali havikadiriki kwa uthabiti. Hapo bloku nzuri zitakusaidia kuliko modeli ngumu.

Mfano tutakaoutumia hadi mwisho una aina 24 za mbegu na bloku 4, jumla ploti 96, zilizopangwa katika mistari 8 na safu 12. Kila bloku ni mistari 2 yenye safu zote 12. Vitovu vimeachana mita 1.5 kutoka safu hadi safu na mita 6 kutoka mstari hadi mstari.

## Hatua ya 1: Hakiki gridi

```r
d <- read.csv("jaribio.csv")
d$aina    <- factor(d$aina)
d$bloku   <- factor(d$bloku)
d$safuF   <- factor(d$safu)
d$mstariF <- factor(d$mstari)
d$x <- d$safu * 1.5
d$y <- d$mstari * 6

nrow(d)                      # iwe 96
table(d$mstari, d$safu)      # kila kisanduku kiwe 1
table(d$aina, d$bloku)       # kila kisanduku kiwe 1
da <- subset(d, !is.na(mavuno))
```

Safu na mstari zinahitajika kwa sura mbili: kama namba (kwa umbali na mielekeo) na kama makundi (kwa athari nasibu). Wengi huzigeuza kuwa makundi mara moja na kupoteza umbali.

Kisanduku chenye 2 maana yake ploti mbili zina anwani moja. Ukipuuza hilo, `nlme` itakataa baadaye kwa madai kwamba umbali hauwezi kuwa sifuri. Tatizo hili hutokea pia kwa wanaopima mimea kadhaa ndani ya ploti moja na kuacha kila mmea uwe mstari wake kwenye faili. Suluhisho jepesi ni kuchukua wastani wa ploti kwanza. Usizisogeze nukta kwa sentimita chache ili programu ikubali: mimea ya ploti moja si marudio ya jaribio, na ukiiacha ihesabiwe hivyo makosa sanifu (kipimo cha mashaka ya makadirio) yatakuwa madogo kuliko ukweli.

Ploti zenye mavuno yaliyokosekana zibaki ndani ya `d`, hata kama `da` haina. Modeli za gridi, hasa za ASReml, zinahitaji mstatili kamili usio na tundu.

Umefaulu ikiwa: majedwali yote mawili yanatoa 1 kila mahali, na ploti 5 ulizozichagua ovyo kwenye faili zinalingana na ramani ya shamba.

## Hatua ya 2: Andika modeli ya muundo peke yake

```r
library(nlme)
m0 <- lme(mavuno ~ aina, random = ~ 1 | bloku, data = da)
g0 <- gls(mavuno ~ aina + bloku, data = da)
```

`m0` ni modeli ya jadi ya bloku kamili. `g0` inaweka bloku upande wa athari thabiti (zinazokadiriwa kila moja kama ilivyo), na ndiyo tutakayoitumia kupima ujirani kwa sababu itakayoonekana kwenye hatua ya 5. Kwa bloku kamili zenye ploti zote, tofauti kati ya aina hutoka sawa kwenye modeli hizi mbili. Kwa bloku pungufu, ambapo kila bloku ina baadhi tu ya aina, hazitoki sawa: hapo bloku ziwe nasibu ili taarifa iliyo kati ya bloku isipotee.

Aina ziwe athari thabiti au nasibu? Swali lako ndilo linaloamua. Ukitaka kulinganisha aina fulani zilizotajwa, ziwe thabiti. Ukiwa na mamia ya aina mpya na unataka kuchagua zilizo bora, ziwe nasibu, ili makadirio yavutwe kuelekea wastani na aina iliyobahatika kupandwa mahali pazuri isipande daraja bure. Amua sasa, kabla hujaona matokeo.

Onyo: Usiiondoe bloku baadaye kwa sababu varianzi yake (kipimo cha utawanyiko) imetoka ndogo. Bloku ni sehemu ya namna unasibishaji (kuzigawa aina kwenye ploti kwa bahati nasibu) ulivyofanywa. Hata makadirio yake yakiwa karibu na sifuri, ibaki.

## Hatua ya 3: Litazame shamba

```r
library(ggplot2)
da$mabaki <- resid(m0, level = 0)
ggplot(da, aes(safu, mstari, fill = mabaki)) +
  geom_tile() + scale_fill_gradient2()
```

`level = 0` huacha athari ya bloku ndani ya mabaki, na hapa ndivyo tunavyotaka: ramani ionyeshe shamba zima, pamoja na sehemu ambayo bloku zimeikamata.

Sura za kutafuta kwenye ramani:

- Rangi inayobadilika polepole kutoka upande mmoja hadi mwingine ni mwelekeo mpana, pengine mteremko au kina cha udongo.
- Mabaka ya ploti 3 hadi 6 yenye rangi moja ni ujirani wa karibu.
- Safu nzima au mstari mzima wenye rangi yake ni alama ya kazi ya shambani, kama vile pua ya mashine iliyoziba.
- Ploti moja yenye rangi kali katikati ya nyingine ni kosa la kuandika au ploti iliyoharibika. Rudi kwenye daftari.

Kisha pima ujirani kwa kila upande peke yake:

```r
M <- matrix(NA, 8, 12)
M[cbind(da$mstari, da$safu)] <- resid(g0)
cor(c(M[, -12]), c(M[, -1]), use = "complete.obs")  # safu hadi safu
cor(c(M[-8, ]),  c(M[-1, ]), use = "complete.obs")  # mstari hadi mstari
```

Namba hizi mbili zina faida kuliko variogramu moja (mchoro wa jinsi ploti zinavyotofautiana kadiri umbali unavyoongezeka) inayochanganya pande zote, kwa kuwa ploti ni ndefu upande mmoja. Umbali wa mita 1.5 na wa mita 6 hauwezi kutoa ufanano sawa. Kumbuka pia kwamba namba hizi hutoka chini kidogo ya ukweli: modeli imetumia digrii nyingi za uhuru kukadiria aina 24, na mabaki yamebanwa. Kwa hiyo 0.3 si ndogo.

Sasa variogramu:

```r
plot(Variogram(g0, form = ~ x + y, resType = "pearson", maxDist = 22))
```

Kikomo cha mita 22 si cha kubahatisha. Kutoka kona hadi kona shamba hili lina mita 45 hivi, na kanuni inayotumika sana ni kutosoma variogramu kupita nusu ya umbali mkubwa kabisa. Kule mbali jozi za ploti ni chache na zote zinatoka kwenye kona zile zile.

Umefaulu ikiwa: unaweza kueleza kwa sentensi moja tofauti ya shamba inaelekea wapi. Kama ramani ni vumbi la rangi lisilo na mpangilio na namba zote mbili ziko karibu na sifuri, simama hapa. `m0` inakutosha.

## Hatua ya 4: Ondoa mwelekeo mpana na alama za kazi

Hatua hii ndiyo inayorukwa zaidi, na kuiruka ndiko kunakozaa yale masafa ya mita 600. Kazi ya uhusiano wa kimahali (fomula inayoonyesha ufanano unavyoshuka kwa umbali) inadhani wastani wa shamba hautambai kutoka upande mmoja hadi mwingine. Ukiuacha mteremko ndani ya mabaki, kazi hiyo itajaribu kuueleza kwa kurefusha masafa bila kikomo.

Mgawanyo ulioelezwa na Gilmour, Cullis na Verbyla mwaka 1997 unasaidia kufikiri: kuna mwelekeo mpana wa shamba zima, kuna ufanano wa ploti zilizo karibu, na kuna tofauti za ziada zinazotokana na namna jaribio lilivyoendeshwa. Kila moja ina tiba yake.

Katika mfano wetu bloku zimekatwa kufuata `y`, kwa hiyo sehemu kubwa ya mwelekeo wa `y` imeshamezwa. Mwelekeo wa `x`, unaopita ndani ya kila bloku, bloku haziuoni kabisa. Kama ramani inaonyesha rangi ikibadilika kutoka safu ya 1 hadi ya 12:

```r
da$xc <- da$x - mean(da$x)
g0x <- gls(mavuno ~ aina + bloku + xc, data = da)
```

Ongeza `I(xc^2)` ikiwa tu ramani inaonyesha kilima au bonde. Usivuke hapo. Polinomia za daraja la tatu na kuendelea hupinda vibaya kwenye kingo za shamba na kubadilisha makadirio ya aina zilizopandwa huko.

Kwa safu moja moja zenye tabia yake, tumia athari nasibu ya safu, `(1 | safuF)`, ndani ya `glmmTMB` kama itakavyoonekana hapa chini. Kama uvunaji ulikwenda mstari mmoja kulia na unaofuata kushoto, tengeneza kipengele chenye ngazi mbili, mistari witiri na mistari shufwa, na ukiweke upande wa athari thabiti. Kila bloku yetu ina mstari mmoja wa kila namna, kwa hiyo athari hiyo inakadirika bila kuchanganyika na bloku.

Ukitaka kuipima athari nasibu moja kwa kulinganisha modeli mbili za REML (njia ya kukadiria varianzi), thamani ya p inayotolewa na jedwali la kawaida ni kubwa mno, kwa sababu varianzi haiwezi kushuka chini ya sifuri. Igawe kwa mbili.

## Hatua ya 5: Andika ujirani wa karibu

### Kwa nlme

```r
g1 <- gls(mavuno ~ aina + bloku + xc,
          correlation = corExp(c(4, 0.3), form = ~ x + y, nugget = TRUE),
          data = da)
```

Namba mbili ndani ya `c(4, 0.3)` ni mahali pa kuanzia: kigezo cha masafa kwa mita, na nageti. Nageti ndani ya `nlme` ni sehemu kati ya 0 na 1, yaani mgawo wa varianzi ambao ni kelele ya ploti yenyewe na haushirikiwi na jirani yeyote. Kwa namba hizi, uhusiano wa ploti mbili zilizoachana mita 1.5 ni 0.7 × exp(−1.5/4), yaani 0.48. Kwa mita 6 ni 0.16. Fanya hesabu hii kila mara kabla ya kuanza, kisha ilinganishe na namba ulizozipata kwenye hatua ya 3. Ukianzia mbali na data, ukokotoaji unaweza kunasa mahali pasipofaa.

Usichanganye kigezo cha masafa na umbali ambako ufanano huisha. Kwa `corExp` ufanano hushuka hadi 5% hivi kwenye umbali wa mara 3 ya kigezo, hivyo 4 maana yake mita 12. Kwa `corGaus` ni mara 1.7. Kwa `corSpher` kigezo chenyewe ndicho mwisho. Ndiyo maana namba za kazi tofauti hazilinganishwi moja kwa moja.

Anza na `corExp`. `corGaus` inadhani shamba ni laini mno katika umbali mfupi, jambo ambalo udongo hauna kawaida ya kulitii, na bila nageti mara nyingi hukwama kwenye ukokotoaji.

Usiweke `corExp` ndani ya `lme` yenye `random = ~ 1 | bloku`. Programu haitalalamika. Lakini `lme` huweka uhusiano ndani ya kundi la ndani kabisa tu, kwa hiyo ploti mbili zinazopakana, moja kwenye mpaka wa bloku ya 1 na nyingine kwenye mpaka wa bloku ya 2, zitahesabiwa kuwa hazina ujirani wowote baada ya athari ya bloku kuondolewa. Udongo haujui mpaka wa bloku uko wapi. Ukijaribu kulazimisha kundi jingine kwa `corExp(form = ~ x + y | kundi)`, `lme` itakataa kwa sababu makundi ya sehemu mbili hizo hayalingani. Hii ndiyo sababu ya kutumia `gls` yenye bloku thabiti, ambamo uhusiano unavuka shamba zima.

Upungufu wa `corExp` ni kwamba inahesabu mita za pande zote kuwa sawa. Kama namba mbili za hatua ya 3 haziendani na hilo, nyoosha mhimili mmoja: tengeneza `da$y2 <- da$y * 0.5`, weka `form = ~ x + y2`, na ujaribu pia 1 na 2. Chukua yenye log ya uwezekano iliyo juu zaidi, na ukikokotoa AIC yake (alama ya kulinganisha modeli, ndogo ndiyo bora) ongeza 2, kwa kuwa umekadiria kigezo kimoja zaidi kwa mkono.

### Kwa glmmTMB, bloku zikiwa nasibu

```r
library(glmmTMB)
da$pos   <- numFactor(da$x, da$y)
da$kundi <- factor(1)
t0 <- glmmTMB(mavuno ~ aina + xc + (1 | bloku) + (1 | safuF),
              data = da, REML = TRUE)
t1 <- update(t0, . ~ . + exp(pos + 0 | kundi))
```

Hapa kuna nafasi ya kila chanzo: `xc` ni mwelekeo, `bloku` ni muundo, `safuF` ni alama za kazi, `exp(...)` ni ujirani, na varianzi ya mabaki inabeba kazi ya nageti. `kundi` lenye ngazi moja ndilo linaloambia programu kwamba ploti zote ni za shamba moja. Watu wengi huweka `bloku` mahali pa `kundi` na kurudi kwenye mtego ule ule wa `lme`.

Data zikiwa za kuhesabu, mfano idadi ya mimea iliyougua, ongeza `family = nbinom2` na uondoe `REML = TRUE`. `gls` haiwezi kazi hiyo. Kwa ploti mia kadhaa `glmmTMB` huenda vizuri. Kwa maelfu itachukua muda mrefu, kwani matriki yote ya umbali inashughulikiwa kwa ukamilifu.

### Kwa gridi kamili

Ukiwa na ASReml-R, muundo uliozoeleka ni uhusiano wa kigezo kimoja kwa kila upande, zikizidishwa:

```r
asreml(mavuno ~ aina + xc, random = ~ bloku + units,
       residual = ~ ar1(mstariF):ar1(safuF), data = d)
```

Kabla ya amri hii tengeneza `d$xc` kama ulivyofanya kwa `da`, na upange `d` kwa mstari, kisha safu ndani ya mstari, kama ilivyoandikwa kwenye `residual`. `units` ndiyo nageti. Ni rahisi kuisahau, na ikikosekana kelele ya ploti moja moja hulazimishwa kuingia kwenye uhusiano, ambao hushuka chini ya ukweli.

Kigezo cha upande mmoja kinageuzwa kuwa masafa kwa hesabu fupi. Ukipata 0.6 kati ya safu zilizoachana mita 1.5, masafa ni 1.5 kugawanya kwa −ln(0.6), yaani mita 2.9 hivi, na ufanano huisha karibu na mita 9.

Njia nyingine ni kuacha uhusiano kabisa na kuchora uso laini wa shamba kwa splaini (mikunjo laini iliyounganishwa):

```r
library(SpATS)
s1 <- SpATS(response = "mavuno", genotype = "aina",
            spatial = ~ PSANOVA(safu, mstari, nseg = c(12, 8)),
            random = ~ bloku + safuF + mstariF, data = d)
plot(s1)
```

Kwa anayechambua majaribio mengi kwa mpigo, hii ndiyo ninayoipendekeza. Haihitaji namba za kuanzia, haikwami mara kwa mara, na mwelekeo mpana na ujirani vinakadiriwa pamoja. Kwa sababu hiyo hiyo usiiongezee `xc`: mwelekeo huo umo tayari.

## Hatua ya 6: Soma vigezo kabla ya kusoma aina

```r
coef(g1$modelStruct$corStruct, unconstrained = FALSE)
intervals(g1)
```

Masafa makubwa kuliko shamba. Mwelekeo mpana umebaki ndani. Rudi hatua ya 4.

Masafa madogo kuliko mita 0.5, yaani ufanano unaisha kabla ya mita 1.5. Hakuna jozi ya ploti iliyo karibu kiasi hicho, kwa hiyo modeli inakwambia kwamba haioni ujirani. Ondoa `corExp`.

Nageti karibu na 1. Maana ni ile ile: karibu kila kitu ni kelele ya ploti binafsi.

Nageti karibu na 0. Si kosa peke yake. Jozi za karibu kabisa ziko mita 1.5, kwa hiyo kinachotokea chini ya umbali huo modeli inakikisia tu. Jaribu bila nageti na ulinganishe.

Uhusiano hasi kati ya jirani (kwa modeli za gridi). Mimea ya ploti moja inainyang'anya ya jirani mwanga au maji, au mpaka wa kuvuna ulihama hivyo ploti moja ikachukua mavuno ya mwenzake. Usikimbilie kuukubali kama tabia ya udongo.

`intervals` inakataa kutoa mipaka, ikilalamikia matriki ya varianzi. Modeli ina vigezo vingi kuliko data inavyoweza kubeba. Punguza kimoja, kwa kawaida nageti ndiyo ya kwanza kuondoka.

Varianzi ya bloku imeshuka hadi sifuri mara tu ujirani ulipoingia. Hilo ni la kawaida, kwani bloku na ujirani vinaeleza udongo ule ule. Iache bloku ilivyo.

## Hatua ya 7: Linganisha kwa haki

```r
g2 <- update(g1, correlation = corExp(4, form = ~ x + y))
AIC(g0x, g2, g1)
AIC(t0, t1)
```

Modeli za REML hulinganishwa tu zikiwa na athari thabiti zile zile. `g0` na `g1` hazilinganishwi hivi, kwa sababu `g1` ina `xc`. Ukitaka kujua kama `xc` inastahili, zikokotoe zote mbili kwa `method = "ML"`, amua, kisha rudi REML.

AIC ya `gls` isiwekwe kando ya AIC ya `glmmTMB` wala ya ASReml. Programu hizi hazikokotoi uwezekano wa REML kwa viambata sawa, na tofauti utakayoiona haina maana.

Tofauti chini ya 2 haitoshi kuchagua modeli ngumu. Hapo chukua nyepesi.

## Hatua ya 8: Kagua mabaki upya

```r
plot(Variogram(g1, form = ~ x + y, resType = "normalized", maxDist = 22))
```

Lazima iwe `normalized`. Mabaki ya `pearson` hayaondolewi uhusiano ulioukadiria, kwa hiyo variogramu yake itapanda hata kama modeli ni sahihi, nawe utaendelea kuongeza vitu bila sababu.

Umefaulu ikiwa: nukta zimetawanyika kuzunguka 1 bila kupanda wala kushuka, na ramani ya mabaki haya haina tena baka wala mstari. Zikiwa bado zinapanda, mwelekeo umebaki. Zikiwa na mawimbi yanayojirudia kila umbali fulani, kuna alama ya kazi ya shambani ambayo hujaipa nafasi, na daftari la shamba litakusaidia kuliko variogramu.

## Hatua ya 9: Toa wastani wa aina na makosa yake

```r
library(emmeans)
em0 <- emmeans(g0, "aina", mode = "df.error")
em1 <- emmeans(g1, "aina", mode = "df.error")
mean(summary(pairs(em0))$SE)
mean(summary(pairs(em1))$SE)
```

Kila mstari wa mwisho hutoa wastani wa makosa sanifu ya tofauti kwa jozi 276 za aina. Hiki ndicho kipimo cha faida uliyoipata. Tuseme kimeshuka kutoka 0.42 hadi 0.35: gawanya na uzidishe kwa yenyewe, (0.42/0.35)², upate 1.44. Modeli imekupa usahihi ambao modeli ya bloku peke yake ingeufikia kwa marudio karibu 6 badala ya 4.

Tahadhari mbili hapa. Ya kwanza, masafa na nageti vimekadiriwa kutoka data hizo hizo, lakini makosa sanifu yanakokotolewa kana kwamba vinajulikana kwa uhakika, kwa hiyo yanatoka madogo kidogo kuliko yanavyostahili. Marekebisho ya Kenward na Roger ya mwaka 1997 yalitengenezwa kwa tatizo hili. Programu yako ikiwa nayo, yatumie. Isipokuwa nayo, usijenge hoja juu ya p ya 0.04. Ya pili, `mode = "df.error"` hutumia digrii za uhuru za mabaki zilizo rahisi, na hazikubadilika kwa kuongezwa ujirani.

Kama mpangilio wa aina za juu umebadilika sana kati ya `em0` na `em1`, tazama ziko wapi kwenye ramani. Aina iliyoshuka inapaswa kuwa ile iliyoangukia kwenye mabaka mazuri. Isipokuwa hivyo, kuna kosa la anwani za ploti na unarudi hatua ya 1.

## Majaribio zaidi ya moja

Umbali kati ya shamba moja na jingine hauna maana kwa modeli hii. Tenga kila kituo kwa `form = ~ x + y | kituo`, ili ploti za vituo tofauti zisihusishwe. Amri hiyo bado inavipa vituo vyote masafa na nageti sawa, jambo ambalo kwa kawaida si kweli. Iliyo salama ni kuchambua kila kituo peke yake hadi hatua ya 9, kisha kuunganisha wastani wa aina kwa modeli ya pili, kila wastani ukipewa uzito wa moja kugawanya kwa mraba wa kosa lake sanifu.

## Cha kuandika kwenye ripoti

Andika mpangilio wa gridi na umbali wa vitovu, namna unasibishaji ulivyofanywa, fomula kamili ya modeli ya mwisho, programu na toleo lake, thamani za masafa na nageti pamoja na kazi iliyotumika, AIC ya modeli zote ulizojaribu, na wastani wa kosa sanifu la tofauti kabla na baada. Weka ramani mbili za mabaki: ya hatua ya 3 na ya hatua ya 8.